Profesa na Bangili ya Mama

Shemeji yake sonara aliingia karakanani bila hodi, akapangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia, kana kwamba usonara unaambukiza. Nyumbani walimwita Profesa kwa kumtania, naye alidhani ni heshima. Aliweka mezani bangili ya marehemu mama yake.

"Iyeyushe, uigawe nusu kwa nusu, mimi na kaka."

"Mama aliomba ibaki nzima," alisema sonara. Kaka huyo ndiye mume wa sonara.

Profesa alibetua midomo. "Shemeji, dhahabu haina mama. Nyota mbili mfu ziligongana, ikafuliwa humo, ikatawanyika angani kabla dunia haijakuwepo. Mimi nikitazama mwanga wa nyota tu, nakwambia ndani mna madini gani. Nyie kazi yenu kupuliza moto."

Sonara alimtazama kuanzia viatu hadi miwani. Alikuwa amemchoka mtu huyu tangu siku ya harusi. Angeweza kumfunga mdomo kwa neno moja, ila alimwapia mama mkwe kwamba neno hilo halitamtoka. Akajaribu mara ya mwisho.

"Iache ilivyo. Nakuomba."

"Washa moto."

Haya basi. Sonara hayeyushi kitu kabla ya kukipima. Aliikwaruza bangili kwa tupa, akaisugua kwenye jiwe jeusi, ukabaki mstari wa manjano. Akamsukumia kichupa cha tindikali.

"Ikiwa dhahabu, mstari hautoki. Dondosha mwenyewe, bingwa."

Profesa alidondosha. Mstari ulitoa povu la kijani, ukafutika. Akadondosha tena, safari hii kwenye jiwe tupu.

"Shaba ya manjano," alisema sonara. "Niliitengeneza mimi, nikaichovya dhahabu juu juu. Ile ya kweli mama aliiuza mwaka ulipokwenda kusomea nyota zako, akataka usijue. Miaka kumi na miwili mkono wake ulikuwa na alama ya kijani ya shaba. Hata wageni waliiona. Wewe uliyekula naye meza moja hukuiona."

Profesa alivua miwani. Sonara hakumwonea huruma, au labda kidogo tu, kwa ajili ya mama.

"Sasa tunaigawaje?" Profesa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hatuigawi. Chukua yote. Hiyo nayo imetoka nyotani."

Akaipokea kwa mikono miwili.