Ruta ya Chumba cha Nyuma

Majirani walimpa jina la Mzee Waya, naye hakulikataa. Miaka thelathini na mmoja alipanda nguzo za simu, mvua na jua, na tangu astaafu hakuna pasi wala redio ya mtaani iliyomshinda. Basi ilimuuma, tena ilimuuma hasa, kuona kijisanduku kisichozidi sahani ya chai kinamtoa jasho ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kijisanduku hicho kilikuwa ruta ya pili. Ya kwanza ilikaa sebuleni na kuleta mtandao vizuri tu, lakini kuta za nyumba ile ni nene na chumba cha nyuma hakikupata kitu. Na huko nyuma ndiko alikofanyia kazi mkamwana wake, mke wa mwanawe wa mwisho, ambaye baada ya kutafuta kazi miaka miwili alichukuliwa kwa majaribio kupokea simu za wateja kupitia kompyuta. Sebuleni asingeweza. Ng'ambo ya barabara kuna karakana ya vyuma, na ile mashine ya kukatia nondo ikianza, hata mawazo yako huyasikii. Mzee akavuta waya juu ya dari, akafunga ruta ya pili chumba cha nyuma, akajisifu siku tatu mfululizo. Siku ya nne mtandao ukakatika mteja akiwa katikati ya maelezo. Wiki iliyofuata ukakatika tena. Msimamizi wa kazi akamwandikia mkamwana ujumbe mfupi: ikitokea mara ya tatu, tuagane kwa heri.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya majaribio, na zamu inaanza saa sita.

Saa tatu asubuhi Mzee Waya alikuwa ameshapiga magoti. Kazi anaijua, tusimnyime haki yake. Laini ikiumwa, unaikata katikati, unatafuta upande upi mgonjwa. Akaizima ruta ya pili, wakaipeleka kompyuta sebuleni: mtandao safi. Akairudisha ruta kazini na waya mpya: hali ile ile. Mara unapata, mara hupati, na alama ya mtandao imejaa pomoni, haina hata haya.

"Kimeo hiki," alisema. "Wameniuzia kimeo."

"Baba, labda ni mipangilio?" mkamwana aliuliza kwa upole.

"Mipangilio nilimaliza siku ile ile. Muuzaji aliniambia kitufe cha tatu kutoka juu, zima. Nikazima."

Mkamwana hakubisha. Alikaa na kompyuta yake, akawa anaitoa kwenye mtandao na kuirudisha, na kila mara anaandika kwenye karatasi ile namba ambayo kompyuta inapewa inapoingia. Baada ya mara ya sita akasema, "Baba, sijui kama ina maana. Mtandao ukikubali, namba inakuja ya aina moja. Ukigoma, inakuja ya aina nyingine kabisa."

Mzee Waya akakaa chini. Maana ilikuwepo, tena yote. Kila chombo kinachoingia kwenye mtandao huomba namba, na mgawaji wa namba anatakiwa awe mmoja nyumba nzima. Hapa walikuwa wawili: ruta ya sebuleni, inayojua njia ya kutoka nje, na hii ya nyuma, isiyojua njia yoyote. Anayewahi kujibu ndiye anayeibeba kompyuta. Fahali wawili hawakai zizi moja, na yeye mzee mzima amewafungia humo kwa mkono wake. Alitakiwa kuizuia ruta ya pili isigawe namba. Kumbe alizima kitu kingine.

Sababu aliijua pia. Siku ile hakusoma, alihesabu tu vitufe. Tangu mwaka jana herufi ndogo zilikuwa zinamcheza machoni, na hakumwambia mtu, kwa sababu aliona yaliyompata kaka yake. Siku kaka yake alipotamka kwamba haoni vizuri, watoto walimwekea kiti kibarazani wakaanza kumjibia hata maswali aliyoulizwa yeye. Hakushika tena kazi yoyote ya maana. Mzee Waya aliapa kwamba yeye hatakalishwa.

"Nenda kajiandae," akamwambia mkamwana. "Niachie mimi."

Alipobaki peke yake akafungua mipangilio kwenye simu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaipeleka dirishani. Ukungu mtupu. Ahesabu tena? Ajaribu cha nne? Akikosea, ameua mtandao wa nyumba nzima na zamu iko mlangoni. Likamjia wazo jingine, laini kama siagi: sema ruta ni mbovu. Muuzaji hatakuja hapa kubisha, na heshima itabaki palepale. Alilifikiria, na si kidogo.

Mkamwana alirudi saa tano na nusu, amevaa utadhani wateja watamwona. "Baba, usijisumbue tena," alisema. "Nafikiri ni kompyuta yangu, ni ya zamani. Nitamwandikia msimamizi kwamba kosa ni langu, nijitoe kabla hawajanitoa. Umehangaika vya kutosha."

Alikuwa ametoka kulia. Mzee Waya aliona aibu ambayo hajawahi kuiona juu ya nguzo yoyote. Mtoto wa watu anajitwisha mzigo usio wake ili yeye aendelee kuitwa fundi.

"Si kompyuta," alisema. "Wala si wewe. Ni mimi. Herufi sizioni, mwanangu. Mwaka mzima sasa sizioni. Kaa hapa unisomee kila kitu kutoka juu."

Mkamwana hakumwambia pole. Alikaa sakafuni kando yake, akasoma. Cha kwanza hakikuwa kitufe, kilikuwa kichwa cha habari tu; hapo ndipo hesabu ilipomponza mzee. Yeye akasoma, mzee akaeleza kila mstari una kazi gani, mpaka wakaufikia ule wa kugawa namba. "Huo. Zima." Wakaiwasha ruta upya, wakajaribu mara kumi. Mara zote kumi ilikuja namba ya aina moja. Saa sita kasoro dakika nne mlango wa chumba cha nyuma ukafungwa.

Mzee Waya alikaa nje ya mlango akisikiliza. Sauti ya mkamwana ikaenda dakika kumi, nusu saa, saa nzima, haikukatika. Mkewe akatoka jikoni akifuta mikono.

"Kumbe tatizo lilikuwa nini?"

"Macho yangu," alisema. Na kwa kuwa alishaanza, akamalizia. "Sioni vizuri, mama watoto. Tangu mwaka jana."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Nilikukuta umemwaga zana zako sakafuni, unapapasa bisibisi moja moja, unadhani niko sokoni. Tangu siku hiyo ukimaliza kazi mimi nazipanga. Bapa kushoto, nyota kulia, ndogo mbele, kubwa nyuma. Ulidhani zinajipanga?"

Mwaka mzima alikuwa akiwatambia majirani kwamba mikono yake haihitaji macho, akiingiza mkono sandukuni bisibisi inamjia yenyewe. Sasa hakujua acheke au alie, na kwa kweli machozi yalimtoka kidogo.

"Na hukunikalisha," alisema.

"Nikukalishe wapi," mkewe akajibu, "na bomba la jikoni linavuja?"