Wimbo wa Sahara Ndani ya Mtungi

Gari la maziwa kutoka Griftu liliingia soko la Garissa na vumbi lake la kila siku. Ilhan akashusha mitungi yake ya manjano, akainusa mmoja mmoja. Yote ilikuwa na maziwa ya ngamia isipokuwa mmoja mwepesi, ambao aliusukuma chini ya meza kwa kuwa ulikuwa na wimbo.

Wanawake wauza maziwa walipelekeana nyimbo hivyo tangu zamani. Mtungi hufukizwa kwa kuni mpaka moshi ushike ndani, kisha mwimbaji huuinamia na gitaa lake, akaimba, akafunga kifuniko. Mtungi uliofukizwa vizuri hautoi harufu yake kwa urahisi, na sauti vilevile. Kila muuzaji alikuwa na mwimbaji wake. Mmoja alimpenda mama mmoja wa kijiji cha Diff aliyetunga nyimbo za kumsuta mumewe. Mwingine alimpenda binti mmoja wa kijiji cha Kutulo aliyepiga gitaa la nyuzi nne, maana mbili zililiwa na mbuzi. Walipoanza kubishana nani zaidi, mnunuzi alisubiri. Mwanamume akikaribia, vifuniko vilifungwa.

Mwimbaji wa Ilhan alikuwa Sahara, mfugaji wa Kiborana aliyeuziwa gitaa na mwalimu mmoja aliyehamishwa. Kaka yake Roba alidhani gitaa lile lilishauzwa. Sahara alilipiga akiwa malishoni na ngamia tu, na Ilhan alipokwenda Griftu kupatana bei ya maziwa, Sahara alimwambia kwamba nyimbo zile ni za masikio ya wanawake. Roba akisikia, basi tena gitaa. Ilhan akaapa.

Kisha akamsikilizisha Kaltun. Angemsikilizisha nani mwingine? Meza zao ziligusana, na walikuwa chanda na pete tangu madrasa. Kaltun alilia mpaka mtandio ukalowa, akaomba mtungi ulale kwake. Ilhan akampa kwa furaha. Mtu akipenda kitu namna ile, raha yake haitimii mpaka mwenzake naye akipende.

Kaltun akaujaza maziwa, akayauza stendi ya mabasi.

Wiki iliyofuata Mustafe, dalali wa mbuzi, alisimama mbele ya Ilhan akapiga mwayo, na gitaa likalia kinywani mwake. Ikafuata sauti ya Sahara, ubeti mzima. Mustafe akaomba radhi kama mtu aliyecheua, akasema chai ya stendi siku hizi iko hivyo, tangu waanze kuchukua maziwa kwa Kaltun.

Kaltun hakukana. Aliendelea kumimina.

"Maziwa hayawekwi, abaayo, dada yangu," alisema. "Yakikaa yanachacha. Wimbo pia."

"Mimi niliapa, Kaltun."

"Wewe uliapa. Mimi sikuapa."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini afadhali chawa, yeye huuma tu, hakuombi kwanza umwazime mtungi.

Mustafe hakuambiwa kwamba wimbo ule ni siri, na hata angeambiwa, mwayo haufungwi kamba. Alikwenda mnadani Griftu, akapiga mwayo mbele ya Roba. Jioni ile, nyumbani kwa Roba, moto wa kuchemshia chai uliwashwa kwa mbao za gitaa.

Mtungi mwepesi wa mwisho ulifika Garissa bila mlio wa nyuzi. Ilhan alipoufungua, Sahara alisema, bila kuimba, "Nilikuambia wewe." Baada ya hapo ni upepo wa malishoni tu.

Ilhan akafukiza mtungi mwingine, akauinamia, akaeleza yote: urafiki, mtandio uliolowa, jina la Kaltun na la baba yake. Akafunga, akaupeleka Griftu. Ukarudi umejaa maziwa, mazuri kama siku zote, kwa kuwa Sahara hakuwa mtu wa kuchanganya biashara na kinyongo. Hakusema naye tena.

Tangu siku hizo mitungi yote ya Kaltun huimba, hata ile mipya kutoka dukani. Sokoni hakuna asiyejua wimbo ule ni wa nani na ulifikaje pale, na hakuna asiyeununua. Wazee wa msikitini nao hupanga foleni na vikombe vyao.

Asubuhi moja nesi mgeni katika mji alisimama akisikiliza, akauliza huyo dada anayepiga gitaa ni nani.

"Ni mtu ya Griftu," Kaltun alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Maziwa iko, wimbo iko. Lakini shukuru huyu dada yangu Ilhan. Wallahi, yeye ndiye alinipa."

Nesi akamshika Ilhan mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa dhati. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaona ni adabu, nao wakamfuata Ilhan mmoja mmoja, na kila mmoja akampa mkono.