Mchumba wa Rosaria

Agosti 2021, Sydney ikiwa imefungwa kwa ajili ya korona, Honorine, mhudumu kutoka Kongo, alikuwa akimwogesha Mzee Salvatore katika nyumba ya wazee huko Smithfield. Mzee alikuwa na miaka tisini na mitano. Dada yake mdogo, Rosaria, aliishi jengo la pili la nyumba hiyohiyo, lakini tangu Juni hakuna aliyeruhusiwa kuvuka.

"Baba yangu alikuwa muuaji," mzee alisema ghafla.

Honorine aliendelea kumsugua mgongo, akisikiliza. Calogero, baba wa mzee, alitoka Sisilia akaingia New York mwaka 1908. Genge la Wasisilia wenzake likamfanya mtu wao wa kutia adabu. Mkaidi alivunjwa mikono. Aliyepeleka siri polisi hakuonekana tena. Mwaka 1922 wakubwa wake walipoanza kuuana, akatorokea Sydney, akaoa, akalima nyanya. Lakini alimwona kila mgeni kama aliyetumwa kummaliza.

"Mwaka 1947 Nino alikuja kumposa Rosaria. Mkata miwa, mcheshi sana. Mezani akamuuliza baba habari za New York. Mazungumzo tu! Baba akamchukua shambani kumwonyesha nyanya. Baadaye akaniita nikachimbe kaburi. Sasa pale pamejengwa ghala."

"Na Rosaria?"

"Tulimwambia Nino amemkimbia. Hakuolewa kamwe."

Honorine aliacha kusugua. Kaka yake Symphorien alichukuliwa na wenye silaha kule kwao Uvira. Mama yao alikufa bila kujua kama amlilie au amngoje.

"Nikifa, mwambie," mzee alisema.

"Hapana, Mzee. Mimi sikuchimba. Utamwambia mwenyewe, leo."

Alimvisha, akapiga simu jengo la pili. Mzee alizungumza Kisisilia huku akilia. Rosaria alijibu maneno machache, kisha simu ikakatwa.

"Amesemaje?"

"Ameuliza kama Nino aliteseka. Nimemwambia nilimkuta ameshakufa." Mzee aligeukia ukuta. "Alikuwa bado anapumua, Honorine."

Korona ilimuua mzee wiki iliyofuata. Oktoba majengo yalipofunguliwa, Honorine alipangiwa chumba cha Rosaria. Bibi yule akamshika mkono.

"Wewe ulikuwapo. Kaka yangu alisema kweli, kwamba alimkuta Nino ameshakufa?"

"Ndiyo, Bibi," Honorine alijibu.

Akatoka, akajifungia chooni, akalia mpaka kengele ya Rosaria ilipomwita ampelekee chai.