Suti ya Mkamuaji

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Alfajiri yalipita manyunyu, kisha mbingu ikatakata na jua likaingia kwa mshazari hadi ndani ya zizi. Nilimshukuru Mungu nikiwa bado mlangoni. Mwanga kama ule hauombwi mara mbili.

Mimi ni fundi cherehani wa miaka hamsini na sita, na jioni nasoma upigaji picha kwa mwalimu aliye mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa picha sita za watu wanaofanya kazi na wanyama. Nilikuwa nazo tano: daktari wa mifugo, mfuga nyuki, mwenye punda wa mizigo, mfunza mbwa wa ulinzi na mama wa kuku. Ya sita ilitakiwa jioni ile ile, la sivyo zangu zote zisingetundikwa ukumbini kwenye maonyesho ya darasa, wala nisingepata cheti.

Mkamuaji wa ng'ombe niliyemtaka kwa hiyo ya sita alikuwa amenikatalia mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sharti moja, kwamba apigwe picha akiwa amevaa suti. Nikasema hewala, tena nikajitia ujuaji: "Na uoge kwa sabuni ya manukato, kaka."

Basi akatokea na suti nyeusi, ananukia kama duka la marashi. Dada yake mkubwa alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, amekuja kusimamia.

"Bwana harusi huyo," dada akasema. "Bibi harusi ndiye yule mwenye mkia."

Mkamuaji akaketi kwenye kigoda, akashika chuchu. Ng'ombe akageuza shingo, akamnusa begani, akanusa tena, akasogea pembeni. Ndoo ya kukamulia ikabaki kavu.

"Amebana maziwa," mkamuaji akasema. "Huyu huachia kwa harufu. Kwake yeye, mimi ni lile koti."

Koti lilining'inia msumarini, lina viraka vya rangi tatu na mkono mmoja umechanika hadi kiwiko.

"Si ulivae tu," nikasema.

Ng'ombe akapiga teke, ndoo ikabiringika hadi miguuni pa dada.

"Hilo koti halipigwi picha," dada akasema. "Miaka minne iliyopita walikuja watu na kamera kubwa kuliko hiyo yako. Wakampiga picha amelivaa. Siku si nyingi tukakuta bango barabarani, uso wa mdogo wangu ukubwa wa mlango, na maandishi: Msaidie asilale njaa. Huyu anakamua ng'ombe kumi na wawili kila siku. Kanisomeshea watoto wawili. Watu wakawa wanamwachia nguo kuukuu getini."

"Na kiatu," mkamuaji akaongeza. "Cha kushoto tu."

Nilitamani kucheka, nikaona aibu. Kiwele kilikuwa kimejaa, kinang'aa kwa kukaza, na ng'ombe asiyekamuliwa huugua. Mkamuaji akavua jaketi la suti, akalikunja vizuri, akavaa koti lake la viraka. "Kamera chini, mama," akaniambia.

Nikaiweka mapajani.

Akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akaanza kuvuma wimbo usio na maneno. Ng'ombe akamnusa, akashusha pumzi ndefu, na maziwa yakatoka kwa nguvu, michirizi miwili ikilia ndani ya ndoo. Jua lilikuwa limefika kwenye viraka vyake. Mvuke ulipanda. Nikaomba kimoyomoyo: Ee Mungu, picha umeileta, sasa nishike mikono nisiipige.

Mkamuaji akanitazama chini ya mkono wake. Akaitazama kamera iliyolala mapajani.

"Haya, piga," akasema. "Ila dada aone kwanza kabla ya mtu yeyote."

Nilipiga kumi na moja bila kuhisi kama nakanyaga chini. Kisha nikampelekea dada kamera kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akazitazama picha muda mrefu, akarudi kwenye ya saba.

"Huyu si wa kusaidiwa," akasema mwishowe. "Huyu yuko kazini." Akanirudishia kamera. "Lakini hata kama mimi naujua moyo wako, wao ukumbini wataona koti. Tutafanyaje?"

Dereva wa gari la maziwa alikuwa ameingia kuchukua madebe, akasimama kusikiliza. Hata mkamuaji aliacha kukamua. Kwa dakika ile sikujali cheti. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani.

"Mbele ya Mungu," nikasema, "na mbele yako dada, na wewe dereva, naahidi: picha hii haitatundikwa popote mpaka kaka awe amesimama kando yake na suti yake, na maneno ya chini ya picha atayasema yeye, mimi nitaandika tu."