Fundi Cherehani na Koti la Muuguzi

Kila asubuhi muuguzi alimpunguzia dawa ya usingizi mgonjwa wa mashine ya kupumulia, fundi cherehani, aone kama anasikia.

"Baba, nibane mkono!"

Wapi! Fundi alikamata pindo la koti la muuguzi na kulivuta kama ndizi mtini.

"Fujo hiyo," daktari akasema. "Mwongeze dawa."

Ikawa hivyo siku tatu. Ya nne, mke wa fundi akashuhudia, akacheka akashika mbavu, akamwambia muuguzi, "Fujo gani, mwanangu? Mshono wa koti lako umekwenda upogo, anaunyoosha!"

Muuguzi akabadilisha koti. Fundi akatulia tuli, akambana mkono barabara.

Mpira wa kupumulia ulipotolewa kooni, akanong'ona, "Lile koti la kwanza alikushonea nani?"

Muuguzi, aliyelishona mwenyewe, akaitazama dawa ya usingizi kwa uchu.