Kumzalisha Ng'ombe wa Plastiki

Tangu asubuhi Shangazi, kama walivyomwita madaktari wenzake wa mifugo, alikuwa hashikiki. Mwaka mzima aliisubiri semina hii, na sasa mbele ya ukumbi alisimama ng'ombe wa plastiki, mkubwa kama wa kweli, na tumboni mwake ndama wa mpira aliyekaa vibaya.

"Nani atatuzalishia?" aliuliza mkufunzi.

Kufumba na kufumbua Shangazi alishavua koti na saa. Alimpapasa ng'ombe mgongoni. "Pole, mama, vumilia," akamwambia, kisha akazamisha mkono hadi begani. Alimrudisha ndama nyuma, akausaka mguu uliokunjika, akaunyoosha, akavuta huku jasho likimtiririka. "Sukuma, mama! Sukuma!"

Ndama akachomoka pwaa! Makofi yakapigwa, lakini Shangazi alikuwa na nafasi ya makofi wapi? Alipiga magoti, akampangusa ndama pua, akamsugua mbavu kwa koti lake jipya, akamtekenya puani kwa kalamu ili apige chafya. "Pumua, mwanangu. Pumua bwana, usinitie aibu mbele za watu!"

Mkufunzi akamgusa bega. "Shangazi, huyo ni wa mpira."

Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi akaduwaa, kalamu mkononi, haya zimemjaa usoni.

Ndipo daktari mmoja mzee akasimama kule nyuma, akapaza sauti: "Dume au jike?"

Kicheko kikakatika. Madaktari ukumbi mzima wakanyoosha shingo, wakingoja jibu.

Shangazi akauinua mguu wa ndama, akachungulia.