Picha Sitini za Mzee

Saa moja jioni fundi simu alipanda juu ya nyumba yao na darubini kwapani, akasogeza nguo za mama yake kwenye kamba, akafuta lenzi kwa fulana aliyovaa. Darubini yenyewe fupi, kama mkono wa mtu mzima. Mota ya kuizungusha ifuate nyota aliichomoa kwenye printa iliyokufa.

Vitu vya mbali angani havitoki kwa picha moja. Unapiga sitini, kila moja dakika mbili, halafu kompyuta inazilaza moja juu ya nyingine. Kinachopita, iwe ndege au popo, kinafutwa. Kilichotulia kinabaki.

Siku hiyo alilenga wingu moja la gesi, jekundu, dogo. Asubuhi picha ilipokamilika, katikati ya wingu alikuwepo baba yake, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Yuko juu ya ngazi, kavaa ovaroli ya kiwanda cha sabuni, brashi ya rangi mkononi, na nyuma yake tangi namba nne limepakwa nusu.

Fundi hakuona ajabu. Mzee alikuwa hivyo. Ukimwelekezea kamera anakauka, hapumui mpaka umwambie tayari. Masaa mawili kwake si kitu.

Mama alivaa miwani. "Kola imepinda," alisema. Halafu: "Na hiyo ngazi?"

Kipandio cha tatu kutoka juu kilikuwa kimevunjika, kimefungwa kamba.

Hapo ndipo palipouma. Kiwanda kiliandika kwamba siku aliyoanguka na kufa, mzee alikuwa likizo, kaanguka huko kwenye mambo yake. Miaka mitatu mama anakwenda ofisi ya kiwanda, anataka neno moja tu lifutwe, liandikwe "kazini".

Wakaenda wote wawili. Karani akaipeleka picha dirishani kwenye mwanga.

"Ni yeye," alisema. "Hata mlango huu alipaka yeye. Na ngazi ni yetu, kamba nilimpa mimi."

"Basi rekebisha," fundi alisema.

"Imepigwa wapi?"

"Angani."

"Ndiyo shida, mdogo wangu. Fomu inataka picha iliyopigwa eneo la tukio."

"Tangi lenu si hilo hapo nyuma? Unaliona, au nikufutie macho?"

"Naliona. Lakini daftari linasema likizo."

"Likizo gani ya kupanda ngazi na ovaroli, mwanangu?" mama aliuliza.

Karani alivuta faili la mzee. Akagonga muhuri wa kupokea, akatia picha kwenye faili, faili akalisukumiza kabatini kwa goti, maana kabati lilijaa. Walipofika mlangoni akamwita fundi kwa sauti ya chini.

"Nitolee na mimi moja. Alikuwa mtu wangu."

Jioni mama alipanda juu mwenyewe, na kiti chake cha plastiki. Akainamia darubini upande wa mbele, akaongea humo kama anaita mtu aliye chumba cha pili.

"Baba watoto, nyoosha kola. Na ushuke kwenye hiyo ngazi."

Fundi akapiga sitini nyingine.

Asubuhi kola ilikuwa imenyooka. Kushuka hakushuka, tangi lilikuwa limebaki robo tu kupakwa, na mzee hakuwahi kuacha kazi njiani. Mama akaibandika picha ukutani, juu ya redio.

Kiwandani, mpaka leo, yuko likizo.